Ukuta wa Bwana Njoo Kesho

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu alikufa tarehe tisa Januari. Saa nne asubuhi, hospitali. Tumbo. Tulimzika kesho yake. Mvua.

Alifagia ofisi za serikali miaka kumi na tisa. Ana mafao yake. Kabla hajafa alisema jambo moja: mafao yamtibu mama macho. Mama ni mama yake, mkwe wangu. Anakaa kwangu. Jicho la kushoto limeshazimika. La kulia, daktari amesema mwaka ukiisha halijapasuliwa, basi tena.

Faili la mafao liko kwa karani. Watu wanamwita Bwana Njoo Kesho. Nimeenda mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja hakusema njoo kesho. Akaniuliza nafanya kazi gani. Kibarua wa ujenzi, nikamwambia. Uso ukafunguka. Akasema nyumbani kwake anataka ukuta wa mbele. Matofali anayo, saruji anayo, mikono ndiyo hana. Mikono ikionekana, na faili litaonekana.

Sikuona ubaya. Mikono ninayo. Ila juzi nilimpeleka mama kliniki, nikaona tangazo ukutani: ukiombwa rushwa, toa taarifa. Nikawaza. Serikali ikifurahi lazima itoe kitu. Nitapata faili huku na zawadi kule.

Leo nimeenda ofisi ya rushwa. Yaani ya kuzuia rushwa, ila sote tunaiita hivyo. Foleni imefika barabarani. Nikampa mlinzi sigara mbili anipitishe mbele. Hakupokea. Akanyoosha kidole juu ya kichwa chake. Tangazo lile lile. Nikarudi nyuma ya foleni, sigara nikavuta mwenyewe.

Mpelelezi ni mwanamke, mfupi, maneno machache. Nikamweleza. Nikamuuliza zawadi ni nini. Akasema hakuna zawadi, kuna haki. Nilikuwa nimeshakaa. Nikaendelea kukaa.

Amenipa daftari hili. Kila siku niandike tarehe na kilichotokea. Nisitie chumvi. Sijatia.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi wameshonea kinasa sauti ndani ya kofia yangu. Kidogo kama punje ya mahindi. Mpelelezi akanipa masharti. Nijenge polepole. Ukuta ukifika nusu nisimame, niulize faili. Karani aseme kwa mdomo wake kwamba faili ni malipo ya ukuta. Ukuta usiishe kabla hajasema. Amerudia mara tatu. Akaniuliza nimeelewa. Nikasema nimeelewa.

Saa moja niko kwa karani. Uwanja mzuri, ardhi ngumu. Hakuna mtu.

Hapo ndipo nilipoona kitu. Miaka ishirini na miwili nimechanganya udongo wa saruji na kubeba matofali. Siku zote kuna fundi juu yangu. Lete. Peleka. Sogea. Umelala? Leo hakuna fundi. Mwiko niliuazima, timazi ya kunyooshea ukuta niliiazima, na vyote viko mkononi mwangu. Marehemu alikuwa akisema mimi ni fundi, ila sijaambiwa. Nilikuwa namwambia anyamaze.

Nimechimba msingi, nimeujaza. Umenyooka.

Jioni mpelelezi amesikiliza kofia. Akasema ana saa saba za koleo, na sauti yangu ikiliambia tofali likae vizuri.

Jumatano, 6 Machi

Mistari sita. Kila mstari nimepima. Kamba, timazi, jicho.

Karani alirudi mchana kula. Nikafanya kama nilivyoagizwa. Nikamuuliza faili vipi. Akaniuliza ukuta vipi. Nikasema unakwenda. Akasema basi na faili linakwenda. Akaingia ndani. Huyu mtu anatoa maneno kama yanakatwa kwenye mshahara wake.

Mke wake akaniletea chakula. Kina nyama. Nikala.

Mpelelezi ameniuliza kwa nini nimekula chakula cha mtuhumiwa. Nimemwambia nilikuwa na njaa. Aliandika hilo. Sijui kwa nini.

Nyumbani mama akauliza kazi imefika wapi. Nikamwambia mistari sita.

Akasema, "Baba, nimekuuliza faili. Sijakuuliza mistari."

Alhamisi, 7 Machi

Nimeumaliza.

Sikukusudia. Mpango ulikuwa nisimame nusu. Nilisimama nusu, hata nikakaa chini. Lakini udongo nilikuwa nimeshachanganya. Udongo hausubiri mtu. Nikasema nimalizie huu wa kwenye ndoo. Ndoo ikaisha, ukuta ukawa unadai mstari mmoja tu ukae sawa. Nikaweka. Na kona ya geti ikawa haijakaa vizuri. Nikaikalisha. Nilipoinua kichwa saa kumi, matofali yalikuwa yameisha na ukuta uko mbele yangu umesimama kama askari wa gwaride.

Nilirudi nyuma hatua kumi nikautazama. Nikaenda upande wa pili nikautazama.

Karani amerudi, amepitisha mkono juu ya ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho. Akanipa mkono. Akanipa na viatu vyake vya zamani, bado vina soli. Nikauliza faili. Akasema njoo kesho.

Kwenye kofia hiyo njoo kesho imesikika safi kabisa. Neno lingine hamna.

Mpelelezi alirudisha kinasa nyuma, akasikiliza tena. Halafu akaniuliza alinipa sharti gani. Nikamwambia, nijenge polepole. Akasema, sasa? Nikamwambia udongo ulikuwa umeshachanganywa. Akavua miwani akaifuta, na haikuwa chafu.

Nimemwambia asijali. Nina mpango.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango wenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi niko ukutani. Nikang'oa tofali moja la juu, pale kona ya geti, panapoonekana na kila apitaye. Udongo ulikuwa bado mbichi, limetoka bila kulia. Nikaliweka chini nikalikalia. Gari la ofisi ya rushwa likasimama ng'ambo, limefunguliwa boneti kama bovu.

Karani akatoka na mkoba wake. Akaliona pengo. Akaniuliza tofali liko wapi. Nikamwambia nimelikalia. Akaniambia niliweke. Nikamwambia faili kwanza.

Akacheka. Akaacha kucheka. Akasema kesho ana wageni, wakwe wa binti yake, waje waone ukuta una pengo kama mdomo wa bibi? Nikamwambia hata mimi naumia. Na ni kweli, nilikuwa naumia. Akazunguka ukuta. Akarudi. Akainama sikioni kwangu, karibu kabisa na kofia, akasema.

"Weka hilo tofali. Faili lako nalisaini leo."

Raha niliyopata siwezi kuiandika. Tofali likarudi mahali pake. Boneti ikafungwa, wakashuka watu wanne. Karani alipofungwa pingu hakunitazama mimi. Aliutazama ukuta. Nafikiri aliupenda.

Nikamwomba mpelelezi faili langu. Akasema haliwezekani, sasa ni kielelezo, litakaa mahakamani mpaka kesi iishe. Nikauliza kesi inaisha lini. Akasema watanijulisha.

Nimemwambia mama hivyo hivyo. Akasema hiyo nayo ni njoo kesho, ila imekwenda shule.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeitwa kusikiliza kofia. Inasikika "weka hilo tofali." Baada ya hapo ni mluzi. Mluzi mrefu, mzuri, wa wimbo mzima. Chini ya mluzi kuna mtu anasema kitu.

Wakaniuliza nani anapiga mluzi. Nikasema ni mimi. Huwa napiga nikienda kuweka tofali la mwisho.

Mpelelezi akasema basi kesi yote imebaki mdomoni mwangu. Alisema kama mtu anayetaja ugonjwa.

Jumatatu, 10 Juni

Miezi mitatu sijaandika. Hapakuwa na kitu. Kesi imeahirishwa mara nne. Mara hakimu hayupo, mara wakili hayupo, mara umeme haupo.

Jicho la kulia la mama limeingia ukungu. Chai anamimina nje ya kikombe. Zamani nilikuwa namwambia. Sasa nafuta meza.

Kesho natoa ushahidi. Mwendesha mashtaka ameniita, kijana mwembamba mwenye makaratasi mengi. Akanifundisha. Nijibu ndiyo au hapana. Nisieleze. Nisijitetee, anayeshtakiwa siyo mimi. Mimi nilijenga kwa sababu niliambiwa bila ukuta hakuna faili. Hilo tu. Akaniuliza nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Mpelelezi alikuwa kando, akatazama dirishani.

Jumanne, 11 Juni

Mahakamani. Nimevaa viatu vya karani, sina vingine. Yeye aliviona kwanza, halafu akaniona mimi.

Nimeapa. Mwendesha mashtaka ameniuliza, nimejibu ndiyo, hapana, ndiyo. Vizuri kabisa. Mama alikuwa benchi la nyuma, jirani amemshika mkono. Anaitikia kwa kichwa kila nikijibu.

Akasimama wakili wa karani. Mtu mzima, mpole, sauti ya daktari wa watoto. Akaniuliza nimesoma hadi darasa gani. Nikamwambia. Akaniuliza mimi ni fundi au kibarua. Kibarua. Akasema aha. Akatoa picha ya ukuta akaniuliza kama naona umeinama.

Nikasema hapana.

Akasema tazama tena, mzee wangu, huku kushoto. Nikasema aliyeinama ni mpiga picha. Watu wakacheka, hakimu akagonga meza. Mwendesha mashtaka akanikazia macho. Nikakumbuka: ndiyo, hapana.

Wakili akasema haoni ajabu, kibarua ni kibarua. Akamwambia hakimu kwamba mteja wake ana huruma, aliona mtu aliyefiwa na mke anahangaika akampa kazi ya kumpoteza mawazo, akamlisha, akamvisha viatu, na akavumilia ukuta mbovu. Nani atamwambia mtu, nijengee ukuta mbovu nikupe faili? Kazi hii, akasema, ni ya mtu aliyelazimishwa, mtu anayetaka iishe akimbie nyumbani.

Sasa hapo. Mtu aliyelazimishwa. Ukuta nilioupima kila mstari!

Mwendesha mashtaka amesema baadaye kwamba hilo lilikuwa na faida kwetu, wakili alikuwa anatusaidia bila kujua, au alikuwa ananitega. Ningesema ndiyo, nililazimishwa, kesi imekwisha. Sijui. Mimi nilisikia ukuta unatukanwa.

Nikasema, "Hakuna aliyenilazimisha kujenga vile. Hata angeninyima faili, ule ukuta ningeumaliza."

Hakimu akaacha kuandika, akaniomba nirudie polepole. Nilifikiri amependa. Nikarudia polepole. Nikaongeza kwamba kona ya geti akaipime mwenyewe na timazi.

Wakili akasema hana swali lingine, akanishukuru. Mwendesha mashtaka alikuwa ameweka paji la uso juu ya makaratasi.

Njiani mama alinishika mkono. Tulipofika mlangoni akauliza kama tumefika mlangoni.

Ijumaa, 14 Juni

Hukumu. Hakimu amesoma kwa dakika kumi. Kwamba kinasa sauti kina mluzi. Kwamba shahidi mkuu amesema kwa kiapo, mara mbili, kwamba angejenga hata bila faili. Kwa hiyo ukuta haukuwa bei ya faili. Karani ameachiwa. Ofisini harudi, amehamishiwa wilaya nyingine kwa sababu ya makelele. Watu wa huko nawapa pole.

Mpelelezi tulikutana ngazini. Nikamwambia samahani. Akasema miaka tisa ya kazi hii ameona mashahidi walionunuliwa, waliotishwa, waliokimbia. Aliyetaka kusifiwa ukuta hadi akaharibu kesi, wa kwanza ni mimi. Nikamwambia sikutaka sifa, nilitukanwa. Akashuka ngazi.

Jumatatu, 17 Juni

Ofisi ya mafao. Kuna karani mpya, binti, nywele fupi, meza haina kitu juu zaidi ya kalamu. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho. Hilo lilinitia wasiwasi. Akasema faili liko mahakamani, atalifuatilia mwenyewe, nije Ijumaa.

Nikasubiri aseme lingine. Hakusema.

Nikamuuliza kwake ana ukuta. Akasema amepanga chumba. Nikamuuliza kama chumba kinavuja. Akasema, "Baba, njoo Ijumaa."

Nimetoka najikuna kichwa. Aliyesema anataka ukuta, unajua anataka ukuta. Asiyesema anataka nini? Lazima ni kitu kikubwa.

Mama anasema labda hataki kitu. Mama ameanza kuzeeka.

Alhamisi, 20 Juni

Siku tatu silali vizuri. Leo nimemuuliza mlinzi wa ofisi ya mafao yule binti anakaa wapi. Akataka kujua kwa nini. Nikamwambia nataka kumshukuru. Akanitazama, akanielekeza.

Nikaenda kuona. Nyumba ya vyumba vitatu, cha kwake mwisho. Mlango uko juu, ngazi hamna. Anapanda juu ya ndoo iliyofunikwa. Binti wa watu, karani wa serikali, anapanda ndoo!

Kumbe ndiyo hiyo. Anaona aibu kusema.

Ijumaa, 21 Juni

Sikwenda ofisini. Nitaendaje mikono mitupu? Nimeshinda nikiokota vipande vya matofali kwenye jengo tunalobomoa. Msimamizi akasema vichukue, takataka. Saruji nusu mfuko nimekopa. Mama akauliza, leo si ndiyo Ijumaa ya yule binti? Nikamwambia ndiyo, najiandaa.

Jumamosi, 22 Juni

Nimefika kumepambazuka. Mlango umefungwa. Nikasogeza ndoo. Ngazi nne zinatosha. Ya kwanza nikaijenga, ya pili nikaijenga, nikamwaga zege juu, nikalisawazisha kama kioo.

Mlango ukafunguka. Binti akatoa mguu kutafuta ndoo. Mguu ukaingia kwenye zege hadi kifundo.

Makelele. Majirani. Nikamwambia usitikise mguu, utaharibu pembe. Akaniuliza mimi ni nani. Halafu akanikumbuka. Akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia kwa upole kwamba nimeelewa, hakuwa na haja ya kusema.

Akakaa kizingitini, mguu mmoja wa kijivu. Akasema faili lilirudi Alhamisi. Amesaini jana asubuhi. Alinisubiri ofisini hadi jioni. Akaingia ndani akatoka na simu, akampigia mpelelezi. Wanajuana, kumbe walisoma pamoja.

Mpelelezi alikuja na gari lile lile. Akatazama ngazi mbili, na alama ya mguu katikati ya ile ya juu. Akaniambia kutoa ni kosa kama kupokea. Nikamwambia lakini hajaomba. Akasema hilo ndilo linalofanya kosa liwe langu peke yangu. Akataka kunichukua. Binti akamwomba, akasema huyu baba amefiwa, aachwe. Wakazungumza pembeni. Mpelelezi akarudi, akanionya kwa maneno mazito, mengine ya sheria. Nisimjengee mtumishi wa umma kitu chochote. Tofali moja, hapana. Akaniuliza nimeelewa.

Nikasema nimeelewa.

Akanitazama sana, kama anatafuta pengo.

Jumapili, 23 Juni

Karatasi ya mafao, aliyonipa binti jana, iko juu ya meza. Ni ya Kiingereza, jirani ametusomea. Jana jioni tuliipeleka hospitali, wamempangia mama tarehe tisa mwezi ujao. Ameishika karatasi kwa mikono miwili asubuhi yote. Haoni kilichoandikwa. Ameinusa.

Akasema wakimfungua bandeji, kabla hajanitazama mimi, apelekwe akauone ule ukuta. Anataka kujua nani alisema kweli, mimi au wakili. Nikamwambia twende hata siku hiyo hiyo.

Baadaye nikamwambia amshukuru Mungu nilizishtukia zile ngazi mapema, la sivyo tungekuwa bado tunapiga hodi.

Mama akasema, "Binti amesaini Ijumaa. Ngazi umejenga Jumamosi."

Nikamwambia hajui mambo haya. Habari hutangulia. Alhamisi nilimuuliza mlinzi, mlinzi akamwambia binti, binti akajua mtu amejipanga, akasaini. Asiyeomba ndiye anayetaka heshima zaidi. Mama akaweka karatasi chini, akaniomba nimfungulie dirisha apate hewa.

Ngazi mbili zimebaki. Na ile ya juu ina mguu wa mtu ndani yake, kila apitaye atauliza fundi ni nani. Mpelelezi amekataza kujenga kitu. Hii siyo kujenga, ni kumalizia. Kesho Jumatatu, binti atakuwa ofisini kutwa, hakuna wa kunisumbua. Mchanga nimeshachekecha.

Kesho narudi kazini.